Kiwiko Kikipauka, Kilichokosekana ni Maji

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, vijana, habari za asubuhi. Baridi hii ya Julai hapa Njombe inakaba, nanyi mmeacha moto jikoni kuja kunisikiliza. Asanteni sana.

Kila mmoja akunje mkono wa sweta atazame kiwiko chake. Pitisha ukucha taratibu. Umebaki mstari mweupe? Hapo wengi mtasema, "Nimekosa mafuta." Mimi nasema umekosa maji.

Ngozi ya juu kabisa, inayopigwa na upepo, ni nyembamba mno. Ukiacha viganja na nyayo, unene wake ni kama sehemu ya 50 ya milimita. Ni seli zilizokufa, zimepangwa kama matofali, na mafuta ya asili ndiyo udongo unaozishikanisha. Udongo huo ukitoka, maji ya mwili yanapata upenyo na kupotelea hewani hata kama hutoki jasho. Unaondolewa na nini? Maji ya moto sana, na sabuni ya kufulia tunayoogea. Nalisema kwa uchungu, maana nimeona hata watoto wachanga wakiogeshwa nayo.

Sasa, gliserini. Yenyewe huvuta maji. Ukiipaka kwenye ngozi kavu, katika hewa kavu kama hii, itayavuta kutoka ndani ya ngozi yako mwenyewe. Ndiyo maana ipakwe ukiwa bado na unyevu wa kuoga. Yurea nayo huvuta maji. Wakulima mnaijua kwenye mifuko ya mbolea, na kiasili imo hata katika ngozi zetu. Krimu yenye yurea asilimia 10 hulainisha magaga vizuri. Ila msichote ya shambani, tafadhali. Hiyo haikuandaliwa kwa ngozi ya mtu.

Mafuta ya mgando yana kazi nyingine. Robert Chesebrough aliyapatia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, huko Marekani mwaka 1872, akiyatoa kwenye masalia ya visima vya petroli. Hayana hata tone la maji. Kazi yake ni kufunika, maji yaliyomo yasitoke, na kwa kufunika sijaona yanayoyashinda. Mafuta ya parachichi zetu hulainisha, nayapenda, lakini hayafuniki kiasi hicho.

Mama uliyekaa mbele, naomba mguu wako. Nyayo hazina kabisa tezi za mafuta, ndiyo maana kisigino hiki kimepasuka kabla ya uso. Tuuloweke kwenye beseni hili la maji ya vuguvugu, dakika 10. Tunaukausha kwa kugusagusa, bila kusugua, unyevu kidogo ubaki. Matone machache ya gliserini, mgando juu yake, kisha soksi ya pamba mpaka asubuhi. Mwenye kisukari akiona ufa unatoa damu, aende kituo cha afya leo hii.

Fanya hivi kila usiku, mama. Jumamosi ijayo nitakuwa hapa hapa, na nitaomba tena nikione kisigino hiki.