Kundi la Kazini Ambalo Admini Peke Yake Ndiye Huandika

SALMA: Assalaam aleikum na karibuni tena. Mimi Salma.

BAKARI: Na mimi Bakari. Mkisikia feni inavuma humu ndani mtuwie radhi, kwa joto hili la Mombasa hatuizimi.

SALMA: Haizimwi ng'o. Haya, leo ni mawasiliano kazini, pamoja na hii kazi ya uhusiano mwema, yaani PR, ya shirika kuzungumza na watu wake. Bakari, najua umekuja na tafiti zako, lakini kwanza nataka tuzungumzie kundi la WhatsApp la kazini. Lile ambalo admini peke yake ndiye huandika.

BAKARI: Yakhe! Asubuhi memo, adhuhuri bango, jioni "tunawapongeza nyote". Kundi zima limefungwa mdomo, kisha bosi akuambie hapa kwetu mawasiliano ni mazuri.

SALMA: Na wafanyakazi wana kundi lao la pili, ambalo bosi hayumo.

BAKARI: Huko ndiko kazi inakozungumzwa, dada. Sasa, yuko mtafiti wa Australia, Jim Macnamara, wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Sydney. Alichunguza idara za serikali, makampuni na mashirika yasiyo ya kiserikali, akakuta kwamba kwa wastani kiasi cha asilimia 80 ya rasilimali za mawasiliano huenda kwenye kusema. Kutangaza, kuandika, kuchapisha.

SALMA: Basi hiyo 20 ndiyo ya kusikiliza.

BAKARI: Ungeomba iwe hivyo! Hata mtu akitumiwa dodoso, mara nyingi shirika linatafuta namna ya kumshawishi vizuri zaidi, si namna ya kubadilika. Macnamara anasema kusikiliza kunajengwa: kuwe na sera, kuwe na watu waliopewa kazi hiyo, na yanayosikika yafike kwa mwenye kuamua. Sanduku la maoni mlangoni halitoshi.

SALMA: La ofisi moja niliyofanya kazi lilikuwa na kufuli, na hakuna aliyejua ufunguo uko kwa nani. Lakini ngoja nikubane. Hili si jipya. Chuoni tulikaririshwa kitabu cha Grunig na Hunt, wasomi wa Marekani, cha 1984, wakasema uhusiano mwema ulio bora ni wa pande mbili, shirika nalo likubali kubadilishwa na watu wake. Miaka 40 imepita.

BAKARI: Tukafaulu mtihani, tukaajiriwa, tukaanza kutuma mabango. Kwa sababu bosi hakuulizi umesikia nini, anakuuliza tumetoka kwenye magazeti mangapi. Hata hilo la kuhesabu habari yako gazetini ina thamani gani kwa bei ya tangazo la ukubwa huo, wataalamu wa vipimo walikutana Barcelona 2010 wakasema wazi si thamani ya uhusiano mwema. Na bado ripoti zinaandikwa hivyo.

SALMA: Sawa, ila upande wa pili pia upo. Unafungua mkutano, unasema "nani ana la kusema?", ukumbi kimya. Unakwenda nyumbani unajiambia hawa hawana neno.

BAKARI: Wanalo. Watafiti wawili wa Marekani, Elizabeth Morrison na Frances Milliken, waliandika juu ya kimya hicho mwaka 2000. Walisema watu hunyamaza pamoja wanapoamini mambo mawili: kwamba kusema hakubadilishi kitu, na kwamba kusema ni hatari. Hayo hayaandikwi popote. Mtu anayajua kwa kuona yaliyompata mwenzake aliyesema mwaka jana.

SALMA: Hapo watu huleta maneno ya heshima. Ati sisi wa Pwani hatumkosoi mkubwa mbele za watu. Mimi naona hicho ni kisingizio cha wakubwa. Kijana wa kwetu anajua kumwambia mzee kuwa amekosea, ataanza na "shikamoo" na "samahani baba", lakini ataliweka. Tatizo ni yule mzee akishaambiwa afanye nini.

BAKARI: Enhe! Mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza timu za wauguzi katika hospitali za Marekani, akitarajia timu nzuri ziwe na makosa machache ya dawa. Takwimu zikatoka kinyume, timu nzuri ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi. Alipochimba akaona kwamba wale hawakukosea zaidi, walisema zaidi. Kwingine makosa yalifichwa.

SALMA: Kwa hivyo meneja anayejisifu hana malalamiko mezani…

BAKARI: Mimi ningeanza kumwogopea huyo.

SALMA: Tutoke nje ya ofisi. Septemba 2019, Likoni, gari liliteleza kutoka feri ya MV Harambee likazama na mama na mtoto wake. Kuwatoa kulichukua karibu wiki mbili. Nyote mnakumbuka video za simu zilivyozunguka, na hapa mjini kila kibaraza kina maelezo yake. Siku hizo nilielewa kwamba shirika likinyamaza saa chache tu, ukimya huo hujazwa na maneno ya watu wengine.

BAKARI: Mwenyezi Mungu awarehemu. Na utafiti uko upande huo. Watafiti Arpan na Pompper, 2003, walijaribu hali ya shirika linalotangaza tatizo lake kabla halijaibuliwa na wengine. Liliaminika zaidi. Ila kuna jambo washauri hawapendi kulisema: wanahabari nao walizidi kuitaka habari hiyo. Ukisema mapema unapata imani, hupati utulivu.

SALMA: Na huo ujumbe wa dharura, siku hizi si unaandikiwa na akili unde, hii AI?

BAKARI: Kwa memo ya kubadilisha saa za chai, sioni ubaya. Lakini Februari 2023, baada ya watu kuuawa kwa risasi katika Chuo Kikuu cha Michigan State, ofisi moja ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt iliwatumia wanafunzi barua pepe ya kuwafariji. Chini kabisa ikaandikwa kwamba imetokana na ChatGPT, programu ya akili unde inayoandika. Wanafunzi walichukia, ofisi ikaomba radhi.

SALMA: Hata mimi ningechukia. Wallahi, rambirambi haiandikwi na mashine! Tanzia ya mwenzetu kazini, nipe mistari miwili yenye makosa ya tahajia kutoka kwa mtu aliyemjua marehemu.

BAKARI: Tumebakisha dakika chache. Na lile la bosi kutuma meseji za kazi usiku?

SALMA: Lipite haraka. Ufaransa ilianza 2017 kuyataka makampuni makubwa yajadiliane na wafanyakazi juu ya haki ya kuzima simu baada ya kazi. Australia ikafuata 2024. Hapa kwetu muswada kama huo ulifika Seneti. Kwa watu wa hoteli za Nyali na Diani wenye zamu, mimi sioni sheria peke yake itasaidia. Zamu ibandikwe mapema, basi.

BAKARI: Na akipigiwa saa nne za usiku alipwe.

SALMA: Hilo mwambie bosi wako. Wiki ijayo tutakuwa na mtu wa rasilimali watu, tumuulize kwa nini barua ya onyo hufika kabla ya mazungumzo. Tutumieni ujumbe wa sauti, usizidi dakika moja tafadhali.