Paka wako amezaa hukutarajia? Fanya hivi mpaka watoto wapate kwao

Asalaam aleikum, karibuni uani kwetu, hapa Ngamiani, Tanga. Huyu mweusi mwenye soksi nyeupe ni Chausiku. Siku tisa zilizopita aliingia chini ya kitanda cha mama akazaa watoto wanne. Kosa ni langu. Tangu mwaka jana nasema nitampeleka akafungwe kizazi, na sikumpeleka.

Najua kinachofuata katika nyumba nyingi. Watoto wanatiwa kwenye salfeti, kijana wa bodaboda anapewa elfu mbili: "Kawaache soko la samaki, watapata vichwa." Jamani, mtoto wa paka ambaye hajafika mwezi hawezi kutafuna kichwa cha samaki, hata joto la mwili wake anategemea la mama. Ukimwacha sokoni usiku umemuua, ila hukuona tu. Na mama yake huku nyumbani anazunguka analia, matiti yamejaa maziwa. Kwa hiyo video hii nataka muitazame mpaka mwisho.

Tuanze na mahali pa kulala. Hili boksi nimelikata mlango upande mmoja, kimo cha kiganja: mama anaruka, watoto hawatoki. Ndani nimetandika khanga chakavu. Taulo lenye vitanzi usitumie, kucha zao zinanasa. Liwe pembeni, penye giza kidogo, mbali na moshi wa jiko. Matandiko yenye damu ya uzazi yaondoe siku hiyo hiyo, kwa sababu huku pwani harufu ile inaita sisimizi, na sisimizi wakiingia usiku wanawamaliza watoto. Kila alfajiri mimi nafunua khanga nakagua.

Sasa, mizani. Hii ni ya kawaida ya jikoni, ya kupimia unga. Mtoto wa paka akizaliwa ana kama gramu 100, na kila siku anapaswa kuongeza gramu 10 hivi au zaidi. Nimeandika kwenye daftari, tazameni: huyu wa milia jana 168, leo 180. Mzuri. Huyu mweusi mdogo jana 138, leo 141. Huyu ndiye ananinyima usingizi. Anasukumwa na wenzake, kwa hiyo mara nne kwa siku namweka mwenyewe kwenye chuchu za nyuma, zenye maziwa mengi, nawazuia wengine kwa mkono mpaka ashibe. Mtoto asipoongezeka kabisa siku nzima, au akipungua, usingoje kesho. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Na kama mama amekufa, au amewakataa? Kwanza joto, halafu maziwa. Mtoto aliyepoa tumbo lake halisagi chakula, ukimlisha unamuua. Jaza chupa maji ya moto kiasi, ifunge kwa kitambaa, muweke kando yake mpaka mwili upate uvuguvugu. Maziwa ya ng'ombe hapana, yanawaharisha, na mtoto mdogo hivi akiharisha anakaukiwa maji upesi sana. Ulizia maziwa ya unga ya watoto wa paka kwenye duka la dawa za mifugo. Tumia bomba dogo la sindano lisilo na sindano, mtoto alale kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama yake. Ukimlaza chali kama mtoto wa binadamu, maziwa yataingia kwenye mapafu. Wiki ya kwanza ni kila saa mbili au tatu, usiku na mchana. Kila baada ya kula chukua pamba yenye maji ya uvuguvugu, mpanguse taratibu huku nyuma mpaka akojoe. Mama hufanya hivyo kwa ulimi. Bila hivyo mkojo hautoki.

Chausiku mwenyewe anakula mara nne kwa siku. Dagaa waliochemshwa bila chumvi, yai, ini la kuku kidogo, na maji safi wakati wote. Ugali mtupu hauleti maziwa. Ukiona mama anayenyonyesha anatetemeka, anapepesuka au miguu imekakamaa, madini ya chokaa yamepungua kwenye damu. Hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Viroboto. Hapa nawaomba sana. Dawa ya kupe ya mbwa au ya ng'ombe usimpake paka. Baadhi zina pamethrini, dawa ya kuua wadudu, na pamethrini ni sumu kwa paka. Watoto wa umri huu ninachofanya ni hiki: kitana chembamba, bakuli la maji yenye sabuni, kila kiroboto nikimtoa namzamisha. Ni kazi ya nusu saa, lakini viroboto wakizidi wanawanyonya damu mpaka ufizi unakuwa mweupe. Na paka akiwa na homa, panadol usimpe hata chembe. Kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Macho yanafunguka kati ya siku ya 7 na ya 14, usiyafungue wewe. Kuanzia wiki ya pili mpaka ya saba washikwe kila siku, dakika chache, na watu mbalimbali. Paka asiyezoea mkono wa mtu katika wiki hizo mara nyingi huwa mwoga maisha yake yote, na paka mwoga hapati mtu wa kumchukua. Mpwa wangu wa miaka sita ndiye mwalimu wao, anakaa chini kwanza, ndipo anampakata. Dawa ya minyoo huanza wiki ya pili au ya tatu, kwa kipimo cha daktari kulingana na uzito, halafu hurudiwa kila wiki mbili. Wiki ya nne waanzishie chakula laini na karai la mchanga; mengine watajifunza kwa mama.

Sasa kutoa. Asiondoke mtoto kabla ya wiki nane. Mimi nasubiri kumi. Uzao wa kwanza wa Chausiku nilimtoa mmoja akiwa na wiki tano, kwa sababu jirani alimtaka haraka na mwanawe alikuwa analia. Hakula. Siku ya nne nikaitwa nikamchukue amekwisha kufa. Tangu siku ile, mtu akiniambia "nampenda, nipe leo," namjibu njoo umtazame kila Ijumaa, lakini ataondoka siku yake ikifika.

Anza kutangaza wiki ya sita: picha kwenye kundi la mtaa, waambie wa msikitini, wa kazini. Akija mtu, uliza bila haya. Nyumba ni yako au umepanga, na mwenye nyumba ameridhia? Ukisafiri nani atamlisha? Anayetaka paka wa kukamata panya si mtu mbaya, lakini muulize kama anatega sumu ya panya. Paka akila panya aliyekula sumu, naye anaweza kufa. Sumu itoke kwanza ndani ya nyumba. Kisha nenda ukaone anakoishi. Mkitazamana ana kwa ana nyumbani kwake, utajua.

Majike ndio hukataliwa zaidi, kwa hiyo jua mapema una wangapi. Inua mkia. Kwa dume matundu mawili yameachana, kwa jike yamekaribiana. Ukimtoa jike, mkubaliane kwamba atafungwa kizazi, maana anaweza kushika mimba hata akiwa na miezi minne. Ukiweza, toa wawili kwa nyumba moja, wanaliwazana. Safari iwe kwa kikapu chenye mfuniko, pamoja na kipande cha khanga chenye harufu ya mama. Usiku wa kwanza akae chumba kimoja tu. Mwambie mchukuaji pia kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu; aulize ofisi ya mifugo ya wilaya, hasa karibu na 28 Septemba, siku ya kupambana na ugonjwa huo duniani. Na mwambie neno hili: ukishindwa, mrudishe kwangu, usimtupe.

Mwisho ni mama mwenyewe. Wengi wanadhani paka anayenyonyesha hapati mimba. Anapata, hata kabla watoto hawajaacha ziwa. Kwa hiyo Chausiku hatoki nje sasa, dirisha nimeliwekea wavu. Watoto wakishaacha kunyonya na maziwa yakakauka, anafungwa kizazi. Nimeshaongea na daktari, tarehe ipo hapa kwenye daftari, ukurasa ule ule wa uzito wa watoto, na safari hii pesa nimeshalipa.

Ngoja kwanza nimpime tena mweusi kabla sijazima kamera. Mia moja arobaini na sita. Ameongeza tano tangu asubuhi.