Mkia Uliobaki Bila Kichwa

ZUHURA: Karibu tena msikilizaji. Ni mimi Zuhura, niko na kaka Baraka, ambaye wiki nzima ananitumia picha za kitu chenye umbo la sindano.

BARAKA: Na kazi yake ni ya sindano kweli, dada. Kinaitwa tailosini. Ni mkia wa virusi usio na kichwa, na anayeutumia ni bakteria, kuua bakteria mwenzake.

ZUHURA: Tuanze taratibu. Wapo wasiojua kwamba hata bakteria hushambuliwa na virusi.

BARAKA: Hushambuliwa kila dakika. Virusi hivyo huitwa faji. Frederick Twort aliandika habari zao mwaka 1915, na Félix d'Hérelle mwaka 1917. Faji wengi wana kichwa kilichohifadhi jeni zao, na mkia wa kutobolea. Mkia ukishatoboa, jeni zinaingia na bakteria anageuka kiwanda cha kuzalisha faji. Lakini wapo wanaojipachika kwenye jeni za mwenyeji wao wakalala humo. Bakteria akigawanyika, watoto wanawarithi.

ZUHURA: Na hao waliolala ndio wanaotoa silaha.

BARAKA: Ndio hao. Vizazi vikapita, jeni za kichwa zikapotea, za mkia zikabaki. Mwaka 1954, mjini Paris, François Jacob aliwamulika bakteria wa jamii iitwayo Pseudomonas kwa miale ya urujuanimno. Wakapasuka, na majimaji yao yakaua bakteria wa jamii hiyohiyo. Kile kiuaji akakiita piosini. Baadaye ndipo hadubini ya elektroni ilipoonyesha kwamba baadhi ya piosini ni mikia mitupu.

ZUHURA: Nieleze mkia wenyewe unavyofanya kazi. Hapo ndipo uliponinyima usingizi.

BARAKA: Fikiria mrija mgumu ndani ya ala, na ncha kali mbele. Urefu wake unazidi kidogo nanomita 100. Katika unene wa unywele mmoja unaweza kupanga mamia. Chini yake kuna nyuzi zinazopapasa ngozi ya bakteria. Zikipata sukari zinazozitambua, zinashika. Ala inajikunja kwa ghafla, inafupika, na mrija unasukumwa mpaka ndani ya utando. Tundu likishafunguka, chaji ya umeme iliyokuwa ikiendesha maisha ya seli inavuja yote.

ZUHURA: Na nguvu ya kujikunja inatoka wapi?

BARAKA: Imo ndani yake tangu ulipoundwa. Ni kama mtego wa panya: aliyeutega alishamaliza kazi, unangoja kuguswa. Na mkia mmoja tu ukishika sawasawa unaweza kuua seli nzima.

ZUHURA: Jambo lililonigusa mimi ni yule anayeifyatua. Mikia inaundwa ndani ya mwili wake, na haina mlango wa kutokea.

BARAKA: Haina. DNA yake ikidhurika, breki iliyokuwa ikizuia jeni hizo inaachia. Anaunda mikia mingi, kisha protini nyingine za urithi huohuo wa faji zinaubomoa ukuta wake. Anapasuka, anakufa, na mikia inasambaa. Ni wachache katika kundi wanaofanya hivyo. Wanaobaki ni ndugu zake wenye jeni zilezile, na ndio wanaopata chakula na nafasi.

ZUHURA: Kwa nini mikia hiyo haiwaui hao ndugu?

BARAKA: Sukari za ngozi zao haziendani na nyuzi hizo. Wa ukoo wa jirani, spishi ileile lakini sukari tofauti kidogo, ndio wanaoshikwa. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Huku, zimwi likujualo ndilo linalokumaliza.

ZUHURA: Inaeleweka, maana mnayefanana naye ndiye mnayegombea naye chakula kilekile.

BARAKA: Kabisa. Na ugomvi huo ni wa kale. Mwaka 2024 kundi la watafiti, wakiwemo Hernán Burbano na Talia Karasov, lilichapisha kazi katika jarida la Science. Walisoma DNA ya Pseudomonas kwenye majani makavu yaliyohifadhiwa katika makusanyo ya mimea, mengine ya karne ya 19, wakailinganisha na ya bakteria wa leo. Aina zilezile chache za nyuzi zimeendelea kuwepo. Mimi naona hilo ni jambo kubwa: silaha haibadiliki ovyo, kwa sababu lazima ilingane na ngozi ya adui.

ZUHURA: Na sisi wagonjwa je, tuna letu humo?

BARAKA: Antibiotiki nyingi hufagia bakteria wabaya na wema pamoja. Mkia huu unachagua. Mwaka 2008 watafiti walichukua piosini wakaibadilisha nyuzi ili ishike bakteria wa aina nyingine. Baadaye wakaielekeza kwa E. coli O157, anayesababisha kuhara damu. Tena mkia haubebi jeni, kwa hiyo hauwezi kuzaana mwilini. Kikwazo ni kwamba bakteria akibadilisha sukari za ngozi yake, nyuzi zinakosa pa kushika. Halafu ni protini kubwa, mwili unaweza kuutengenezea kingamwili.

ZUHURA: Kwa hiyo kabla ya kumtibu mtu lazima ujue ni bakteria gani hasa aliye naye.

BARAKA: Mpaka sukari za ngozi yake, dada. Jina la spishi peke yake halitoshi.