Jenfeld: kitongoji cha Hamburg kinachotuhusu

Ndugu watazamaji wangu wa Dar es Salaam, hamjambo. Leo niko Jenfeld, mashariki mwa Hamburg. Ukishuka treni Wandsbek Markt unaendelea kwa basi, na watalii wengi hawafiki huku kwa sababu bandari na majengo ya fahari yako mbali. Zamani palikuwa kijiji. Mwaka 1937 pakaingizwa rasmi katika mipaka ya Hamburg, na maghorofa haya mnayoyaona nyuma yangu yalijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili.

Wakati wa utawala wa Wanazi ilijengwa hapa kambi ya jeshi iliyopewa jina la Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Kijerumani aliyewashinda Waingereza kule Tanga mwezi Novemba 1914, kisha akaendelea kupigana hadi mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1918, huku vijiji vyetu vikinyang'anywa chakula na vijana wakichukuliwa kubeba mizigo. Kambini hapo zilisimamishwa sanamu bapa mbili kubwa za udongo wa kuchoma. Moja inaonyesha askari Waafrika wakiongozwa na Mjerumani, na nyingine inaonyesha wapagazi na mizigo yao. Kambi ilifungwa mwaka 1999, na mwaka 2003 sanamu hizo zikawekwa ndani ya uzio, katika bustani inayojulikana kama Tansania-Park.

Tazameni nyuso za wapagazi hao. Zimetulia, miili imejaa afya, kana kwamba kazi ile ilikuwa ya hiari, ilhali katika vita ile wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, maradhi na uchovu. Hilo linaniuma sana. Hata Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, ambayo Waingereza waliisimamisha mwaka 1927, inawataja wapagazi kwa maandishi ya Kiswahili kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi.

Sehemu kubwa ya kambi hiyo sasa ni mtaa mpya uitwao Jenfelder Au, nao kwangu ni kivutio halisi. Vyoo vyake huvuta uchafu kwa nguvu ya hewa, kama vya ndege, hivyo hutumia maji kidogo mno. Majitaka yake hukusanywa peke yake ili kuzalisha gesi inayotoa umeme na joto, na maji ya mvua huelekezwa kwenye mabwawa yanayopendezesha mtaa. Sisi tunaoijua Jangwani, bonde letu la Dar es Salaam linalofurika wakati wa masika, na tunaosubiri gari la kunyonya majitaka, tuna mengi ya kuuliza hapa.

Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu mwaka 2010. Ombi langu kwa viongozi wa pande zote mbili ni kwamba lango la bustani hii liwe wazi kwa kila anayefika, na kando ya sanamu hizi yawekwe maelezo ya Kiswahili kuhusu wapagazi, yaandikwe na wanahistoria wetu wenyewe.