Saa Moja Asubuhi Isiyo na Jua

Assalaam alaykum, Bwana asifiwe, na shikamooni walimu wangu mlioketi hapa mbele. Wadogo zangu mnaojiandaa kuondoka Agosti, nimefurahi kuwaona.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya kila siku ya mwanafunzi wa kubadilishana katika nchi ya baridi. Mimi nilikaa Oulu, kaskazini mwa Ufini, kuanzia Agosti 2018 hadi mwisho wa Mei 2019. Najua wengi mmekuja kuuliza baridi ikoje. Tuanze na hilo tulimalize, maana silo lililonisumbua.

Januari pale Oulu hufika nyuzi 25 chini ya sifuri, na siku nyingine inapita hapo. Ukivuta pumzi, unyevu wa puani unaganda. Simu ukiitoa mfukoni inazima na chaji imo. Dawa yake ni nguo, na nguo zina utaratibu: ya kugusa mwili iwe ya sufu, isiwe ya pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho inakugandisha, juu yake sweta, juu ya sweta koti linalozuia upepo. Viatu chukua vilivyozidi namba moja ili soksi nene iingie na hewa kidogo ibaki. Koti msinunue Kariakoo. Kule kuna maduka ya mitumba, wanayaita kirpputori, na koti lililokwisha kuvaliwa na mtu wa kule limeshapimwa na baridi ya kule. Majumbani, madarasani na kwenye mabasi kuna joto hadi unavua sweta. Majengo ya chuo pale Linnanmaa yameunganishwa kwa korido ndefu. Unatoka maktaba unafika kantini hujakanyaga theluji. Na baiskeli wanaendesha mwaka mzima, wazee kwa watoto. Mkutano wa kwanza wa kimataifa wa kuzungumzia baiskeli za majira ya baridi ulifanyika mji huohuo mwaka 2013. Baridi wenyewe wameimudu zamani. Mtavaa, mtazoea.

Kilichonishinda mimi kilikuwa siku. Mchana na usiku.

Tuiangalie saa yetu. Mswahili anahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana imekamilika, saa sita jua liko utosini, saa kumi na mbili linakuchwa. Hatujawahi kuketi tukalifikiria, kwa sababu huku karibu na ikweta jua halijatuangusha hata siku moja. Juni au Desemba tofauti ni ya dakika tu. Saa zetu zimo ndani ya lugha, na lugha inaliamini jua.

Sasa sikilizeni. Tarehe 21 Desemba pale Oulu jua linachomoza saa nne na nusu asubuhi. Linazama saa nane na dakika chache mchana. Mchana wote ni urefu wa saa tatu na nusu, basi. Na hata hizo halipandi. Linatambaa juu ya vilele vya misonobari, jekundu, kama linalokuchwa tangu lilipotokeza. Nilikuwa nikiamka, naangalia simu, naambiwa ni saa moja asubuhi, na dirishani ni usiku wa manane. Kichwa kilisema asubuhi, mwili ukakataa.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Siku yangu tangu utotoni imekatwa vipande na adhana, na kati ya adhana na adhana kila kazi ina mahali pake: maji, sokoni, madrasa, chakula, kulala kidogo. Pale Oulu nilichukua ratiba ya sala ya Waislamu wa mjini nikaibandika ukutani. Desemba, Adhuhuri inaingia saa sita na robo hivi, na Magharibi jua linapozama, saa nane. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi, zote ndani ya muda usiofika saa mbili. Ukiwa maabara kipindi cha mchana, unatawadha mara moja na sala tatu zinakupitia. Halafu unabaki na jioni ndefu isiyo na alama yoyote, kuanzia saa nane mchana mpaka ulale.

Nyumbani na Ufini hatupishani sana kwa saa. Majira ya baridi sisi tuko mbele kwa saa moja tu, na majira ya kiangazi saa zinalingana kabisa. Kwa hiyo mama akinipigia kunisalimia kabla ya Magharibi ya Tanga, nasikia kuku wanaingizwa bandani na watoto wanaitwa warudi kuoga, na mimi giza langu lina zaidi ya saa tatu. Nilikuwa nasema, "Shikamoo mama, niko salama," na sikuwa salama.

Novemba ndiyo mbaya zaidi, wala si Desemba. Theluji haijakaa, ardhi nyeusi, anga nyeusi, mvua ya baridi. Wenyewe mwezi huo wanauita marraskuu, na asili ya neno lile ni kufa. Giza hilo wanalichukulia kwa uzito: sheria inamtaka anayetembea barabarani gizani avae kiakisi mwanga, kipande kidogo kinachoning'inia kwenye koti ili dereva akuone. Kipateni wiki ya kwanza.

Mwezi ule nilianza kulala mchana na kukesha usiku. Nikaacha kwenda kula. Kipindi cha kwanza nikakosa, cha pili nikakosa. Sikuugua kitu cha kuonyesha kidole. Nilikuwa najiambia nasubiri kupambazuke nitoke, na kukipambazuka tayari ni saa tatu hivi, nimechoka kusubiri, narudi kulala. Nawaelezeni haya waziwazi kwa sababu mimi hakuna aliyenieleza kabla sijaondoka. Niliambiwa habari za viza, bima na koti.

Aliyenitoa ni nesi mmoja wa huduma ya afya ya wanafunzi. Nilitegemea maswali ya homa. Yeye aliniuliza: "Unatoka nje saa ngapi?" Nikasema sina saa maalumu. Akachukua karatasi akaniandikia saa, kama dozi. Kuamka saa moja, giza au si giza, na kukaa mbele ya taa maalumu ya mwanga mkali nusu saa wakati wa chai. Kula saa tano. Kutoka nje saa sita, hata kama kuna mawingu, kwa sababu mwanga wa mawingu bado ni mwanga. Vitamini D kila siku. Kule hata maziwa ya dukani yanaongezwa vitamini hiyo. Kulala saa nne usiku. Nilirudi chumbani nikiwa na hasira kidogo, nikiona nimefanywa mtoto mdogo. Baada ya wiki mbili nilielewa kwamba alikuwa amenipa siku nyingine badala ya ile iliyokuwa imeniponyoka. Wafini hawangoji jua liwaambie la kufanya. Siku wanaitengeneza kwa mikono yao.

Nikaanza kuona jinsi wanavyoitengeneza. Chakula cha mchana wanakula saa tano, na kantini ya chuo inajaa. Mwanafunzi alilipa chini ya euro 3 kwa sahani kamili, pamoja na saladi, maziwa na ule mkate wao mweusi mgumu, kwa kuwa serikali inachangia kila sahani. Onyesha kitambulisho cha mwanafunzi, ninyi wa kubadilishana mnaruhusiwa. Hata kama hamna njaa saa tano, nendeni. Ukikosa mlo ule umekosa watu. Kipindi kilichoandikwa saa nne kinaanza saa nne na robo kamili; robo ile ina jina lake, ni robo ya kitaaluma, na haizidi hata dakika moja. Zamu ya kufulia unajiandikisha. Hata ugeni una miadi. Mtu habishi hodi. Mwanzoni nilidhani ni moyo mgumu. Lakini walioniandika kwenye daftari zao kwa Alhamisi saa kumi na moja, Alhamisi saa kumi na moja chai ilikuwa mezani, na hakuna hata mmoja aliyenisahau.

Ijumaa jioni ilikuwa zamu ya wanawake ya sauna, chumba cha joto kali cha kuoga mvuke, katika nyumba yetu ya wanafunzi. Nchi ya watu milioni 5.6 hivi ina sauna zaidi ya milioni 3, na mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni huo katika orodha ya urithi wa binadamu. Nilisita wiki nyingi. Nilipokwenda niliingia na kanga yangu, na hakuna aliyenitazama mara mbili. Maji yakimwagwa juu ya mawe ya moto, mvuke unapanda. Mvuke ule wanauita löyly. Hapo ndipo Wafini niliowaona kimya miezi mitatu walipoanza kuzungumza nami, gizani, kila mtu akitazama mbele.

Juu ya lugha nitasema machache, ingawa ningependa tukae hapo. Msiogope Kifini. Kinasomwa kinavyoandikwa, na maneno ya kukopa wanayatia irabu mwishoni kama sisi: basi wanaita bussi, posta ni posti, sukari ni sokeri. "Hän" ni yeye, awe mwanamume au mwanamke, kama yeye yetu. Kinachouma ni salamu. Mwalimu wako, profesa mwenye mvi, utamwita kwa jina lake la kwanza na kumwambia "moi". Mimi mdomo ulikataa. Mwisho nilimweleza maana ya shikamoo, akaniomba nimfundishe kuitikia. Tangu siku ile kila Jumatatu korido ya Linnanmaa ilisikia marahaba.

Na Waswahili mtawakuta. Ufini imepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, na mama mmoja wa Bukavu alinisikia ndani ya basi nikizungumza na simu. Akageuka. "Mutoto yangu, uko peke yako huku?" Kuanzia hapo Jumamosi zangu zilikuwa kwake. Ugali wa semolina kwa kuwa sembe haikupatikana, na kisamvu cha kugandishwa, wao wanakiita sombe. "Kuya tukule," anasema, na kwake sikuhitaji miadi. Niliwahi kumuuliza yeye anaishije na giza lile mwaka wa tisa. Akaniambia yeye hupika saa ileile kila siku, na harufu ya kitunguu ndiyo inayowaambia watoto wake kwamba sasa ni jioni.

Mwanga unarudi, nao una kazi yake. Ramadhani ilinikuta huko Mei 2019, na kufikia mwisho wa mwezi jua lilikuwa likizama baada ya saa tano usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi alfajiri. Wapo waliofunga kwa jua la pale, wapo waliofuata saa za Makka kwa fatwa wanayoitegemea. Mtakaohusika ulizeni masheikh wenu mapema, kabla hamjaondoka, msiamue kwa njaa.

Nimalizie na bahari, kwa sababu nimezaliwa pwani na swali la bahari halikuniacha. Septemba nilikwenda ufukwe wa Nallikari nikatia kidole majini, nikaonja. Hayana chumvi, au ni kidogo mno. Mito mingi mikubwa inamwagika mule, na mlango wa kutokea bahari kuu ni mwembamba na uko mbali, huko Denmark. Maji yale pia hayajai wala hayakupwi, ni sentimita chache tu. Na kwa uchache wa chumvi, yanaganda upesi. Baridi ilipokaza, magari yalipita juu ya bahari kwenda kisiwa cha Hailuoto.

Februari, jua limeanza kupanda, nilitembea juu ya barafu ile mpaka ufukwe ukawa mstari mwembamba nyuma yangu. Nikavua glavu nikampigia baba. Baba yangu ni mvuvi. Maji ya Tanga yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu wakati wa bamvua, na maisha yake yote ameamka kwa saa ya maji.

"Shikamoo baba. Nimesimama juu ya bahari."

"Marahaba. Yamejaa au yamekupwa?"

Nikamweleza kwamba huku hayajai wala hayakupwi. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani simu imezima kwa baridi.

"Sasa mwanangu," akasema, "wavuvi wa huko wanajuaje kama ni wakati wa kutoka?"

"Wamekubaliana saa, baba. Wakishakubaliana, wanatoka."

Akaniuliza kama na mimi nimeshakubaliana nao. Nikamwambia ndiyo, naamka saa moja.

Asanteni kwa kunisikiliza. Naona mikono imeshanyooshwa kule nyuma. Tuanze na dada mwenye mtandio wa bluu.