Kiambishi cha Gregor Samsa: Mhadhara kuhusu Waliotengwa katika Fasihi ya Ubwege

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wetu, na wanafunzi mliotoka shule mbalimbali za hapa Tabora,

Naomba nianzie stesheni. Mwaka 1912 reli ya Wajerumani iliyotoka Dar es Salaam ilifika katika mji huu wetu, na mwishoni mwa mwaka huohuo karani wa bima wa mji wa Prague, Franz Kafka, alikuwa akikesha mezani kwake akiandika kwa Kijerumani hadithi ya mtu aliyeachwa na treni. Najua kwamba hadithi hiyo, iliyochapishwa mwaka 1915, hukumbukwa kwa jambo jingine: Gregor Samsa, mchuuzi msafiri wa kampuni ya vitambaa, anaamka asubuhi akiwa mdudu mkubwa. Lakini isomeni taratibu. Mtu ana miguu mingi inayotapatapa mbele ya macho yake na mgongo mgumu kama gamba, naye anachohangaikia ni kwamba treni ya saa kumi na moja alfajiri imekwishaondoka, na kwamba ya saa moja hataiwahi. Haijafika hata saa moja na robo, karani mkuu wa kampuni amekwishabisha hodi kuuliza kwa nini hajaonekana kazini.

Darasani jambo hili tunaliita ukengeushi, yaani mtu kuwa mgeni kwa wenzake na hata kwa nafsi yake, na wanafunzi hulikariri neno hilo pamoja na ubwege, yaani maisha kukosa maana na mantiki, kana kwamba ni majina ya magonjwa mawili yanayompata mhusika akiwa peke yake. Tunauliza mhusika amekengeuka vipi, amejitenga na nani, anahisi nini, kisha tunagawa alama. Mimi leo naomba tugeuze kiti na kuwatazama wale waliobaki mezani wakila, tusikilize wanavyosema.

Sisi watu wa Kiswahili hatukuwa wageni wa mageuko ya namna hii. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1952, Hasidi na Mwivu wanageuzwa manyani kwa sababu walimtosa ndugu yao baharini kwa wivu. Kosa linajulikana, jini aliyewageuza anajulikana, adhabu yao ya mijeledi ya kila usiku inajulikana, na mlango wa kurudi katika ubinadamu upo, nao wanarudi. Tena Adili anawachapa huku moyo ukimuuma. Angalieni pia jina la kitabu: hata wakiwa manyani, bado ni nduguze. Kwa Kafka hakuna jini wala kosa, na hakuna hata mmoja katika nyumba ile anayeuliza kwa dhati ni nini kilichosababisha haya. Msomaji wa mara ya kwanza hudhani hilo ni pengo. Mimi naliona kuwa ndilo linalotisha zaidi katika hadithi nzima, kwa sababu pasipo kosa hapana pa kuombea msamaha.

Neno alilotumia Kafka kumtaja kiumbe huyo ni Ungeziefer, ambalo asili yake katika Kijerumani cha kale ni mnyama najisi, asiyefaa kutolewa sadaka. Halitaji aina ya mdudu. Na Kafka alipopata habari kwamba kitabu kitawekewa picha kwenye jalada, alimwandikia mchapishaji kumsihi kwamba mdudu mwenyewe asichorwe kabisa, hata kwa mbali. (Wachapishaji wa siku zilizofuata hawakumsikiliza sana, nimeona majalada yenye mende wa kutisha.)

Sasa tufike pale ambapo Kiswahili kinaweza kutufundisha jambo. Karibu na mwisho Grete, dada aliyekuwa akimpelekea chakula, anawaambia wazazi kwamba mbele ya dubwana hili hatalitaja jina la kaka yake, na kwamba lazima waliondoe. Kwa Kijerumani hatumii kiwakilishi cha mwanamume. Anatumia es, kiwakilishi cha kitu. Mfasiri wa Kiswahili anakwama hapo, kwa maana kwetu mdudu naye ni wa ngeli ya A-WA: mdudu amelala, mdudu amekufa, sawasawa na mwalimu amelala, mwalimu amekufa. Sarufi yetu haimnyimi hata siafu nafsi yake. Ili Grete aseme anachotaka kusema, itabidi ahame ngeli, aseme “lile dudu limetuharibia maisha”, na kuhama huko ni tendo la makusudi, linalosikika. Ndivyo tunavyofanya mitaani. Mtu akitaka kumshusha mwenzake haanzi na tusi. Anaanza na kiambishi: kile kitoto, lile jitu, hiki kichaa kimekuja tena. Majina kipofu, kiziwi na kiwete yanabeba umbo la KI-VI, lakini sarufi sanifu inasisitiza kwamba kipofu amefika, si kimefika. Kuna adabu iliyofichwa katika upatanisho huo, nasi walimu tunaipita mbio tukisahihisha insha.

Mfano wa pili nauchukua katika riwaya ya Kasri, ambayo Kafka aliiacha bila kuikamilisha alipofariki mwaka 1924, na rafiki yake Max Brod akaichapisha mwaka 1926. Kijijini chini ya kasri kuna msichana, Amalia, ambaye afisa mmoja alimwona kwenye sherehe ya kikosi cha zimamoto na kumwandikia barua ya matusi akimwamuru aende kwake. Amalia aliichana barua na kumrushia mjumbe vipande usoni. Hakuna amri iliyotoka kasri baada ya hapo. Lakini baba yake alikuwa fundi viatu, na wateja wakaanza kuja mmoja mmoja kuchukua viatu vyao, vilivyoshonwa na visivyoshonwa, na kulipa madeni yote bila ubishi, wakitaka tu uhusiano uishe. Nimesoma kurasa nyingi za ukatili, na bado sijaona ukatili wenye nidhamu kama ule wa jirani anayekulipa mpaka senti ya mwisho. Mzee yule alipokwenda kuomba msamaha aliulizwa asamehewe nini, maana hakuna mashtaka yaliyoandikwa.

Wazee mlio hapa mnaikumbuka adhabu ya kutengwa iliyotumiwa na sungusungu waliozuka pande za Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sisemi kwamba ilikuwa ya haki siku zote. Hata hivyo aliyetengwa aliambiwa kosa lake mkutanoni, akajua faini yake, na akiilipa aliweza kurudishwa. Baba yake Amalia hana mkutano wa kuuendea. Anakaa barabarani kwenye baridi akingoja magari ya maafisa yapite, mpaka viungo vinaharibika.

Anayefanana naye katika mkoa wetu na kwa majirani zetu wa Shinyanga ni yule mama mzee ambaye moshi wa jikoni wa miaka mingi umemfanya macho kuwa mekundu, na watu wakamdhania mchawi. Hakuna baraza linalokaa juu yake. Huanza akiitwa bibi, baadaye kizee, baadaye jizee lile, na mpaka mtu aje na panga usiku, kazi kubwa imekwishafanywa mchana na watu wasiobeba silaha yoyote.

Turudi kwa Gregor, maana kuna ukurasa mmoja unaonisumbua kuliko kifo chake. Baba amekwishamrushia tofaa likamwingia mgongoni na kuozea humo. Baada ya jeraha hilo familia inapunguza ukali: jioni wanamwachia mlango wazi, yeye akiwa gizani, asioneke, ili aweze kuwatazama wakikaa penye taa na kusikia maongezi yao. Nimebishana na wenzangu kama huo ni upendo. Kuna anayesema ndiyo, na mimi siku nyingine hukubaliana naye.

Kabla ya maswali, Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba nakala zigawiwe. Ni maneno ya Grete peke yake, nimeyafasiri mwenyewe, na kila penye kiambishi cha kaka yake nimeacha nafasi tupu. Kila mmoja ajaze kwa kalamu, kisha tusomeane kwa sauti.