Gauni la Mrithi: Mavazi na Viatu vya Watoto wa Wafalme wa Ulaya

Waheshimiwa wasikilizaji, nawaomba tuanze na mtoto wa miaka sita, Louis, mwana wa Mfalme Henri IV wa Ufaransa. Daktari wake, Jean Héroard, aliandika siku baada ya siku alichokula na alichovaa, na kwa daftari hilo tunajua kwamba mwezi wa Juni 1608 gauni lake la utotoni liliwekwa kando, akavikwa koti na suruali ya kufika magotini, akapewa joho na upanga. Januari iliyofuata aliondolewa mikononi mwa mlezi wake, Bibi de Montglat, akakabidhiwa kwa Bwana de Souvré. Neno letu lililo karibu na hatua hiyo ni kutoka jandoni, ingawa hapakuwa na tohara: mtoto alitoka kwa wanawake akaingia kwa wanaume, na nguo ndiyo iliyotangulia kutangaza.

Gauni kwa mvulana halikumshangaza mtu. Suruali za zama hizo zilikazwa kwa kamba na vifungo vingi, ambavyo mtoto asiyeweza kujizuia haja asingevifungua kwa wakati, ilhali gauni hufunuliwa tu. Tena pindo lake lilikunjuliwa kadiri mtoto alivyorefuka.

Picha inayonigusa kuliko zote ni ile ambayo Velázquez alimchora Felipe Próspero, mrithi wa Uhispania, mwaka 1659, na ambayo sasa iko Vienna. Mtoto wa miaka miwili amesimama katika gauni jekundu na aproni nyeupe, mkono mmoja juu ya kiti alicholala mbwa mdogo, na kifuani na kiunoni zimening'inia kengele na hirizi. Sisi tunaolijua jicho la husuda hatuhitaji kufafanuliwa hirizi hizo zilikuwa za nini. Ufalme mkubwa kiasi kile ulikuwa ukimtegemea mtoto mgonjwa, na wazazi wake walimkinga kwa njia ambayo mzazi yeyote angeitumia. Alifariki Novemba 1661, kabla ya kutimiza miaka minne.

Aproni nayo ilikuwa na uzito wake. Van Dyck alipowachora watoto wa Charles I wa Uingereza mwaka 1635, mjumbe wa dola ya Savoy aliripoti kwamba mfalme alimkasirikia mchoraji kwa kutowavika aproni, kama ilivyokuwa desturi ya watoto wadogo. Katika picha ya pili ya mwaka huohuo, mwana mkubwa, aliyekuwa na miaka mitano, tayari amevaa suruali.

Hapo ndipo miguu inapoonekana. Gauni lililofika sakafuni liliificha. Suruali fupi iliianika pamoja na soksi ndefu na viatu. Na viatu hivyo, hata vya mwana wa mfalme, kwa muda mrefu kuanzia karne ya 17 vilishonwa kwa kalibu moja iliyonyooka, pasipo kulia wala kushoto. Ndiyo maana nakithamini kisa cha Henri IV mwenyewe, aliyezaliwa Pau mwaka 1553: inasimuliwa kwamba babu yake aliamuru alelewe pekupeku na kichwa wazi, kama watoto wa milimani kwao Béarn.

Mageuzi makubwa ya baadaye yalitoka chomboni. Septemba 1846, katika safari ya baharini ya Malkia Victoria, mwanawe Albert Edward, mwenye miaka minne, alivikwa sare ya baharia iliyoshonwa na fundi wa merikebu ya kifalme, mabaharia wakafurahi kumwona mmoja wao mdogo. Winterhalter akamchora ndani yake, na vazi hilo likaenea kwa watoto wa Ulaya nzima, hadi kwa watoto wa Mfalme Nicholas II wa Urusi. Sare yenyewe ingaliko, katika makumbusho ya bahari huko Greenwich, ikiwa na kipimo cha mwili wa mtoto yule.